Risala za Mahafali: Shukrani Zimekwenda Wapi?

Kila mwaka unapoelekea kwisha, shule zetu hufanya karamu ya kuwaaga watoto waliomaliza masomo. Siku hiyo huitwa mahafali. Darasa la saba huagwa karibu na mtihani wao wa Septemba, na kidato cha nne kabla ya mtihani wao wa Novemba. Halafu Desemba shule hufungwa, na mwaka wa masomo umekwisha. Twataka leo kuyanena mahafali hayo kama yalivyo katika wilaya ya Kilosa, mjini Kilosa kwenyewe na huko Mikumi, na hasa kuipima sehemu moja ambayo watu huisikiliza pasipo kuisikia, yaani risala ya wanafunzi. Maana nyimbo husifiwa, ngoma husifiwa, chakula nacho husifiwa au hulaumiwa. Lakini risala husomwa, hupigiwa makofi, na husahauliwa kabla wali haujapoa.

Kwanza yatupasa kusema kwamba sherehe yenyewe ni njema. Wako watu wasemao kuwa ni upotevu wa fedha. Sisi hatusemi hivyo. Misheni ya Mamboya, iliyo katika wilaya hii, ilianza karibu na mwaka 1880, na siku zile waliojua kusoma walikuwa wachache mno. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi, na tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hata kidato cha nne. Kwa hiyo leo mtoto wa mkulima wa mahindi, na mtoto wa mfugaji, na mtoto wa kibarua wa mkonge wa Kimamba, wote hukaa viti vya mbele siku moja, nguo zao zimepigwa pasi, na wazee wao huwatazama. Ziko nyumba ambazo hazijapata kutoa mtu aliyemaliza kidato cha nne mpaka mwaka huu. Mama wa nyumba kama hiyo akipiga vigelegele, ana haki yake, wala hapana wa kumnyamazisha.

Lakini jambo jema likirudiwa pasipo kufikiri hugeuka kuwa desturi tupu. Tumehudhuria mahafali mengi, na tumesikiliza risala nyingi, hata twaweza kuieleza risala ya kesho kabla haijaandikwa. Huanza kwa kumtaja mgeni rasmi na vyeo vyote vilivyoketi meza kuu, mpaka msomaji achoke na kusema, “itifaki imezingatiwa.” Hufuata historia ya shule: ilifunguliwa mwaka fulani, ikawa na wanafunzi kadha wa kadha. Hufuata hesabu ya wanaomaliza, wavulana wangapi na wasichana wangapi. Hufuata mafanikio, nayo ni mistari miwili au mitatu. Kisha huja shida, ambazo siku hizi zaitwa changamoto: madawati hayatoshi, matundu ya vyoo hayatoshi, nyumba za waalimu hazitoshi, maji hayapo. Kisha huja maombi. Na mwisho kabisa, msomaji akiwa ameishiwa na pumzi, huja mstari mmoja wa kuwashukuru waalimu na wazazi kwa malezi yao. Mstari mmoja kwa miaka saba!

Tuna lawama tatu juu ya risala ya namna hii.

Ya kwanza ni kwamba haina mahali. Kilosa ni mji wa kale wa reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, nao umekaa kando ya mto Mkondoa. Mto huo huweza kuinuka ukaingia majumbani mwa watu, kama ulivyofanya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, hata maelfu wakakosa makao. Mikumi ni mji wa barabara kuu iendayo Iringa hata Zambia. Malori hupita usiku na mchana, na jirani yake ni hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo tembo wake hawajui mpaka wa shamba la mtu. Mtoto wa Kilosa na mtoto wa Mikumi ni wa wilaya moja, lakini miaka yao ya shule si ile ile. Mmoja alijifunza kungoja maji yapungue ndipo afike darasani. Mwingine alijifunza kungoja malori yapite ndipo avuke, na kuwangoja wenzake alfajiri ili asitembee peke yake njiani. Mambo hayo yako wapi katika risala? Futa jina la shule ya Kilosa, andika la shule ya Mikumi, wala hapana atakayetambua kuwa umebadili kitu. Mtu akisimama mbele ya kijiji kizima kuaga, naye hakutaja hata jambo moja la kijiji hicho, je, amewaaga watu gani?

Lawama ya pili ni kwamba risala haina mwenyewe. Huitwa risala ya wanafunzi, lakini mara nyingi huandikwa na mwalimu usiku wa kuamkia sherehe, naye huitoa katika risala ya mwaka jana, akibadili hesabu na jina la mgeni. Mtoto mwenye sauti nzuri hupewa karatasi, naye husoma maneno asiyoyafahamu vema. Hapo ndipo tunapoona kwa nini shukrani ni fupi. Mwalimu ndiye aandikaye, na mwalimu ndiye anayestahili kushukuriwa. Basi akiwa mtu mwenye haya, atawezaje kujisifu kwa kinywa cha mtoto? Hujiandikia mstari mmoja, akaona aibu, akaacha. Kama watoto wangaliandika wenyewe, mistari hiyo ingalikuwa mingi, tena ya kweli kuliko yote.

Lawama ya tatu ndiyo kubwa. Risala imegeuzwa uso. Haiwatazami tena waliofanya kazi, bali yamtazama mgeni. Wazee walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone,” nasi tumeishika methali hiyo kwa mikono miwili. Kilosa, kwa kuwa ndiko makao makuu ya wilaya, hutafutwa mtu wa ofisini mwenye cheo. Mikumi hutafutwa mfanyabiashara au mwenye nyumba ya wageni. Kamati hukaa kutafuta ni nani mwenye mfuko mzito, na risala hutungwa ili kuufungua mfuko huo. Mgeni hufika saa sita mchana, na jioni huenda zake. Yule mwalimu wa darasa la kwanza, aliyewashika watoto hao mkono na kuwaonyesha herufi ya kwanza, yu wapi saa hiyo? Yuko nyuma ya turubai, anapanga soda za wageni. Mpishi wa uji yuko jikoni. Mlinzi yuko langoni. Nao watoto wanatazama, na wanajifunza somo ambalo halimo katika kitabu chochote cha shule: kwamba mtu huheshimiwa kwa kile atakachotoa kesho, wala si kwa kile alichotenda jana.

Najua? Hapana, twajua watu watakavyotujibu. Watasema, “Shida hizo ni za kweli. Tangu ada ilipoondolewa watoto wameongezeka, na madarasa hayakuongezeka kwa kadiri hiyo. Tusipomwambia mgeni, tutamwambia nani?” Jibu hili lina uzito, nasi hatulidharau. Mtoto akaaye chini kwa kukosa dawati hawezi kungoja mpaka sisi tumalize kusahihisha maandiko. Lakini tuulize: je, njia hii imeleta madawati? Risala yenye maombi tisa hupata ahadi moja, na ahadi hiyo haiandikwi popote. Mwaka ufuatao huja mgeni mwingine, na maombi yale yale tisa husomwa tena, kwa maneno yale yale. Hapana anayesimama kusema, “Mwaka jana tuliahidiwa saruji mifuko kadha, imefika, au haikufika.” Basi maombi yana mahali pake: katika kamati ya shule, katika mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya diwani. Na kama ni lazima yasemwe siku ya mahafali, na ayaseme mwenyekiti wa kamati, mtu mzima mwenye kusimamia hesabu, ataje jambo moja na gharama yake, kisha aeleze ahadi za mwaka uliopita zimefikia wapi. Haifai kumtuma mtoto kuomba kwa niaba ya watu wazima katika siku ambayo ni yake.

Tuseme kidogo juu ya ngonjera pia, kwa kuwa hufuatana na risala. Aliyeieneza sana ngonjera mashuleni ni Mathias Mnyampala, mtu wa Ugogo, nchi iliyo jirani na Kilosa, ambaye alifariki mwaka 1969. Ngonjera ni shairi la majibizano: mmoja hushika upande huu, mwenzake upande ule, na mwisho hukubaliana. Uzuri wake wote umo katika ubishi. Mbishi asipokuwa na hoja, ngonjera imekufa. Lakini katika mahafali yetu twasikia watoto wanne wamesimama mstari mmoja, na wote wanne wanasema neno moja, yaani elimu ni nzuri, mgeni karibu. Hapo anabishana nani na nani? Laiti mmoja angeshika upande wa mzazi wa Mikumi asemaye kwamba ni afadhali kijana akauze vitunguu barabarani kuliko kungoja matokeo ya mtihani! Hoja hiyo ipo, nayo husemwa kila jioni vibarazani. Ingejibiwa mbele ya watu na mtoto aliyesoma, wazazi wangeondoka na jambo la kufikiri.

Na zawadi nazo zapasa kuangaliwa. Katika shule nyingi hupewa wa kwanza, wa pili na wa tatu katika mtihani, nao mara nyingi ni watoto wale wale mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne, liliacha desturi yake ya kutangaza wanafunzi kumi bora na shule kumi bora za nchi nzima. Watu wengine walinung'unika. Sisi twaona shule zetu zaweza kujifunza neno katika jambo hilo. Hatusemi aliyeshinda asipewe. Jasho lake ni haki yake. Lakini yuko mtoto ambaye jina lake katika daftari la mahudhurio halikosi alama hata siku moja, naye hutoka mbali. Yuko msichana aliyewafundisha wenzake hesabu chini ya mwembe. Yuko aliyerudi shule baada ya kukatiza masomo; na kwa wasichana waliojifungua, mlango huo umefunguliwa na serikali tangu Novemba 2021. Hao wakiitwa mbele kwa majina, na tendo la kila mmoja likatajwa, sifa itakuwa na maana. Kusema “wanafunzi wote wamejitahidi” ni kutomsifu mtu yeyote.

Basi risala njema ingekuwaje? Tutatoa mfano wa kutunga wenyewe, ili mwalimu aone kwamba si kazi kubwa. Mtoto asimame, amsalimu mgeni kwa mstari mmoja, kisha awageukie waalimu aseme hivi: “Mwalimu wetu wa darasa la kwanza, ulitufundisha kuandika kwa vijiti mchangani siku ambazo hatukuwa na madaftari. Leo twaweza kuandika barua. Mama mpishi, ulikuwa ukimbakizia uji yule aliyechelewa kwa sababu ya mto. Sisi ndio tuliochelewa, nasi hatujasahau. Baba mlinzi, ulituvusha barabara kubwa kila asubuhi, na hapana hata mmoja wetu aliyeumia.” Maneno haya hayana mapambo, wala hayakuhitaji kamusi. Lakini tuna hakika kwamba yakisomwa, mpishi atatoka jikoni, na mgeni rasmi mwenyewe atatafuta kitambaa chake. Tena mgeni aliyesikia hayo atajua shule hii ni ya watu wa namna gani, na akitoa kitu, atatoa kwa kuwa ameguswa, wala si kwa kuwa amebanwa.

Shauri letu kwa waalimu ni hili. Wiki tatu kabla ya sherehe, mwalimu wa Kiswahili awape wanafunzi wote wanaomaliza insha moja: ni nani katika shule hii aliyekusaidia, na alifanya nini? Watakaosema uongo watajulikana upesi, maana wenzao walikuwapo. Katika insha hizo watoto watatu au wanne wachague mambo yafaayo na kuyaunga, na mwalimu asahihishe tahajia tu. Insha zilizobaki zisitupwe. Kila iliyomtaja mtu apewe mtu huyo, aende nayo nyumbani kwake. Mshahara wa mwalimu ni jambo la serikali, nasi hatuwezi kuuongeza kwa karatasi. Lakini tumewajua waalimu waliokaa kijijini miaka thelathini, wakaondoka pasipo kuambiwa na yeyote kwamba kazi yao ilionekana.

Nanyi wazazi, mnaotoa michango ya siku hiyo, mna haki ya kuuliza katika kikao cha maandalizi: keki imepangwa, maturubai yamepangwa, je, risala inaandikwa na nani? Ulizeni mapema, kabla kadi ya mgeni haijapelekwa.