Hakuna Gari Linalovunjika Ghafla

Kwenye gereji moja hapa Mangateen, Juba, upande ambako mvua ikinyesha maji hukaa siku kadhaa kabla ya kukauka, kuna fundi asiyeanza kazi kwa kufungua boneti. Huanza kwa kuinama. Anapitisha kiganja nyuma ya kila gurudumu la mbele, pale raba buti inapofunika jointi ya ekseli, kisha anautazama mkono wake. Ukitoka na vumbi tu, anahamia upande wa pili. Ukitoka na grisi, anamwita mwenye gari.

"Hii imepasuka lini?"

"Sijui, fundi. Mbona gari linatembea vizuri tu."

"Mchanga umeshaingia, mzee. Leo utanunua raba. Ukingoja mwezi, utanunua ekseli nzima."

Nimekaa kwenye benchi la gereji ile mara nyingi, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyonifanya nirudi kuisoma upya historia ya Safari Rally. Watu wakizungumzia mbio za magari huzungumzia kasi na ujasiri wa dereva. Mimi kilichonivuta ni jambo jingine: ilikuwaje gari likapigwa kwenye mawe na matope kwa kilometa elfu kadhaa, usiku na mchana, likafika bila kuvunjika, ilhali mengine yaliyolingana nalo kwa nguvu yaliachwa mtaroni?

Swali hilo si la madereva wa mbio tu: huko Ulaya na Marekani kuna desturi ya watu wa kawaida kulipia siku moja kwenye uwanja wa mbio na kuendesha magari yao wenyewe, yale yale wanayoendea kazini. Wanazunguka dakika 15 au 20, wanapumzika, wanaingia tena. Wengi hurudi nyumbani wakiendesha. Baadhi hurudi gari likiwa limebebwa, na karibu kila mmoja wao atakwambia limevunjika ghafla. Juba hatuna uwanja wa namna hiyo. Tunachokijua ni barabara ngumu, na kwenye somo la barabara ngumu Afrika Mashariki haina haja ya kuazima mwalimu.

Safari ilianza mwaka 1953, ikiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, na safari hiyo pia yakafika 7. Ushindi wa miaka yote miwili ulikwenda kwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania alishinda mara mbili mfululizo akiwa na Chris Rothwell, tena kwa Peugeot 404. Kwa hiyo, 1963 na 1968, miaka ambayo zaidi ya magari tisa kati ya kila kumi yalikufa njiani, gari la aina ile ile na watu wale wale walifika. Bahati haigongi mlango mmoja namna hiyo.

Ukiilalia chini 404 utaona sababu mojawapo. Propela yake imefichwa ndani ya bomba refu la chuma kutoka kwenye gia boksi hadi kwenye difu. Mawe hayaipigi na matope hayaifikii jointi. Springi zake zina nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, hivyo gurudumu linameza shimo badala ya kulitupia bodi. Halikuwa gari lenye nguvu kuliko yote. Lilikuwa gari ambalo sehemu zake dhaifu zilikuwa chache na zilijulikana.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 1965, kwa sababu gari lililoshinda lilikuwa mtumba.

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932 na akajifunza ufundi katika gereji ya baba yake. Kabla hajawa jina kubwa aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akiwa mtu wake wa kwanza wa doria. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia waliokwama. Waandishi wengi huitaja kazi hiyo kwa sentensi moja na kupita. Mimi naona ndiko ushindi wake ulikoanzia. Mtu anayeshinda barabarani akiwafungulia watu boneti anajua kitu ambacho dereva wa mbio hakijui: anajua magari hufa kwa nini. Anajua mpira wa rejeta hupasukia wapi, waya gani wa betri hulegea kwa mtikisiko, nati ipi hufunguka ya kwanza.

Volvo PV544 aliyoingia nayo mwaka 1965 ilikuwa imeshiriki Safari ya mwaka uliotangulia mikononi mwa Tom Trana, dereva wa kiwanda. Joginder na mdogo wake Jaswant waliichukua na kuitayarisha wenyewe. Wakapewa namba 1, wakawa wa kwanza kuondoka, kwa hiyo waliikuta njia kabla haijachimbwa na wengine. Walishinda kwa zaidi ya saa moja na nusu. Mwaka 1974 na 1976 Joginder alishinda tena kwa Mitsubishi Colt Lancer, pamoja na David Doig.

Mtu anaweza kuuliza gari lililokwisha kuteswa linawezaje kuwa bora kuliko jipya. Jibu liko kwenye mateso yenyewe. Gari jipya linaficha udhaifu wake. Lililopita Safari moja limekwisha kuonyesha bodi yake inapochanika, mahali bomba la breki linaposuguana na fremu, bushi zinazokwisha mapema. Fundi akilifungua hapo analisoma kama barua. Anayenunua gari jipya na kulipeleka moja kwa moja kwenye mateso, awe Naivasha kwenye Safari ya siku hizi au kwenye uwanja wa mbio wa Ujerumani, analipia kuujua udhaifu huo siku ambayo hapaswi kuujua.

Sasa tuyaangalie mateso yenyewe, kwa sababu si ya aina moja.

Adui mkubwa ni joto, na kwenye joto breki ndizo zinazotisha. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa polepole, hata kama gari limelala. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya lazima yastahimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia tatu hadi nne, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Ukitembea mjini kutoka Mangateen kwenda Konyokonyo hutafika huko. Lakini ukikanyaga breki kwa nguvu mara kumi mfululizo, au ukishuka mlima mrefu na mzigo, joto la diski hupita kwenye pistoni hadi kwenye mafuta. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hubonyea. Mguu unazama mpaka sakafuni na gari haliitiki. Dereva atasema breki zilikatika ghafla. Hazikukatika. Mafuta yalikuwa na miaka minne, na hakuna aliyeyamwaga, kwa sababu kwenye kikopo yalionekana yamejaa.

Rejeta nayo ina siri yake, na siri hiyo imo kwenye kifuniko. Watu husafisha rejeta, hubadilisha feni belti, lakini kifuniko wanakiona kama kizibo cha chupa. Tazama juu yake: kimeandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hicho ni kipimo cha mgandamizo. Kifuniko cha 0.9 kikiwa kizima, maji yaliyo ndani hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Raba yake ikikauka na kupasuka, maji yale yale yanachemka kwenye 100 au chini kidogo. Katika mji ambao mwezi wa Machi joto la mchana hupita nyuzi 35, umejinyima nyuzi 18 kwa kipande cha raba. Nimeona silinda hedi ikipelekwa kukwanguliwa kwa kosa hilo, na bei ya kifuniko haikufikia hata bei ya gasketi.

Mtikisiko ni adui wa pili, na dawa yake ni rahisi kiasi kwamba watu huidharau. Baada ya kukaza nati kwa kipimo chake, fundi huchora mstari mwembamba wa rangi ukianzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma kilichoishikilia. Mstari ukiwa umenyooka, nati haijasogea. Ukikatika, imezunguka, hata kama mkono hauhisi kulegea. Mafundi wa mbio hutumia alama hizo ili waweze kukagua gari zima kwa tochi ndani ya muda mfupi. Yule wa Mangateen hutumia rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu, kwa sababu haifutiki kwa dizeli. Kuna Land Cruiser moja niliyoilalia chini nikazihesabu alama zake: springi, shokapu, propela, mikono ya usukani. Zilifika 41.

Vumbi nalo lina dawa inayojulikana, ndiyo maana Watanzania wameliita gari zima kwa jina la dawa hiyo: mkonga, lile bomba linalopanda kando ya kioo na kuvuta hewa kutoka juu. Toyota za Safari zilikuwa nao. Lakini mkonga hauna maana kama kuna ufa kati yake na injini, na ufa huo huwa mahali ambapo macho hayafiki. Pitisha kidole ndani ya bomba, baada ya chujio. Kikitoka na vumbi, injini imekuwa ikila mchanga.

Jambo ambalo timu kubwa zililifanya, na ambalo ni gumu kulikubali kwa mtu mwenye mfuko wa kawaida, ni kubadilisha kitu kizima. Waliwahi Kenya wiki nyingi kabla ya mbio, wakaliendesha gari la majaribio mpaka livunjike, wakaandika limevunjika wapi na baada ya umbali gani. Kisha kwenye mbio walikitoa kifaa kile kabla hakijafika umbali huo, hata kama kilikuwa kinafanya kazi bila kasoro. Shokapu zilitolewa zikiwa nzima. Kwetu mfano wake ni belti ya taimingi ya injini ya 1HZ, ile ya Land Cruiser ambazo zimejaa Juba. Taa yake imewekwa iwake kilometa 100,000 zikitimia, na belti hiyo huwa bado nzima kwa macho. Wapo wanaoirudisha taa kwenye sifuri na kuendelea. Ikikatika, vali hukutana na pistoni.

Na hata timu kubwa huadhibiwa. Mwaka 2021, Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, Thierry Neuville aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika moja. Kwenye hatua ya kwanza ya asubuhi ile, Loldia, shokapu ya nyuma ya Hyundai yake ilivunjika na mbio zikaishia hapo kwake. Sébastien Ogier akashinda. Mwaka uliofuata Toyota zilichukua nafasi nne za kwanza, kwenye mchanga ule ule wa Naivasha.

Mwezi uliopita nilikuwa na safari ya Nimule, kilometa 192 za lami ambayo imekuwepo tangu 2012. Fundi alikuwa amelikagua gari siku mbili, akaniambia jambo moja tu la kufanya njiani: nikifika Nesitu nisimame, nisizime injini, nishuke na kugusa katikati ya kila gurudumu kwa nyuma ya vidole, kwa sababu ngozi ya huko huhisi joto haraka na hukuwezesha kuutoa mkono kabla hujaungua. Nikasimama. Magurudumu matatu yalikuwa vuguvugu kwa namna moja. La nne, nyuma kushoto, nililigusa nikautoa mkono. Nilikuwa sijasikia mlio wowote, usukani haukutikisika, gari lilitembea vizuri tu.

Nikampigia simu.

"Limekuchoma au lina joto tu?"

"Limenichoma, fundi."

"Basi beringi hiyo imekauka. Geuza, uje polepole, usizidi arobaini."

Nilifika Mangateen jua likiwa limeinama. Alipolitoa gurudumu, grisi ilikuwa imegeuka rangi ya majani ya chai, na kwenye rola mbili kulikuwa na madoa ya buluu, rangi ambayo chuma hupata kikichomwa. Akaniwekea beringi kiganjani niizungushe mwenyewe. Ilikuwa bado inazunguka.