Uso wa Bibi, Pembe ya Ndovu



Kuna aina ya sanaa ambayo wengi wetu hapa Birmingham huipita bila kusimama. Ni vile vijipicha vya nyuso za Waingereza wa zamani, vilivyochorwa kwa mkono kwa rangi za maji, vikatiwa ndani ya vidani na vikasha vyenye kioo. Vingine havizidi ukubwa wa sarafu. Utaviona katika makumbusho na maduka ya vitu vya kale, lakini siku hizi zaidi utaviona kwa njia ya kamera: katika vitabu, katika orodha za minada na katika intaneti. Kwa kuwa wengi tutavijua kwa njia hiyo tu, leo nataka tuzijadili hizo picha za kamera zenyewe. Dai langu ni fupi. Nyingi zinapendeza macho lakini hazitimizi kazi, kwa sababu zinaonyesha uso na kuficha kile kilichoubeba uso huo. Nacho ni pembe ya ndovu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Nicholas Hilliard, mchoraji wa zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, alichora juu ya ngozi laini ya mnyama iliyobandikwa kwenye karata ya kuchezea. Ilipofika mwaka 1700 hivi, Rosalba Carriera wa Venice akaanza kuchora juu ya pembe, na haikuchukua miaka mingi mtindo huo ukaingia Uingereza. Pembe ilipasuliwa vipande vyembamba hata mwanga ukaweza kupenya. Kuichora ni kazi ngumu, maana rangi ya maji huteleza juu yake, ikabidi kwanza isuguliwe na kutolewa mafuta. Lakini fundi aliyeijua alipata kitu ambacho ngozi na karatasi haviwezi kukitoa, yaani mng'ao unaotoka ndani.

Richard Cosway (1742–1821) alikuwa bingwa wa jambo hili. Penye shavu na paji la uso alipaka rangi nyepesi mno, akaiacha pembe yenyewe ifanye kazi ya ngozi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitazama weupe wa shavu la bibi aliyechorwa na Cosway, hutazami rangi nyeupe. Unatazama jino la ndovu.

Sasa tazama picha za kamera za vijipicha hivyo. Kosa la kwanza ni la vitabu vizuri vya sanaa. Mpiga picha hukata fremu, huweka nyuma weusi mtupu, kisha huukuza uso mpaka ukajaa ukurasa. Bibi wa sentimita sita anakuwa sawa na bibi wa mita mbili aliyechorwa kwa rangi za mafuta ukutani. Vipimo vimeandikwa chini, ni kweli, lakini jicho halisomi vipimo, husoma picha. Kosa la pili ni la minada. Hapo fremu ipo, lakini taa imepigwa usoni moja kwa moja, kioo kimerudisha mwanga, na pembe imegeuka nyeupe kama plastiki. Katika yote mawili, ule mng'ao uliomfanya mchoraji aitafute pembe ndio unaopotea kwanza.

Mtu anaweza kuuliza, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana, ila tuseme kwa haki. Si kila kipande cha pembe kilichomo katika vikasha vya Uingereza kilitoka kwetu. Katika karne ya 18 pembe nyingi zilizofika London na Liverpool zilitoka Afrika Magharibi, na bibi wa Cosway huenda ni wa pwani ile. Lakini katika karne ya 19 soko kubwa lilikuwa Zanzibar. Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya watumwa, viungo na pembe, ameeleza jinsi bei ya pembe ilivyozidi kupanda katika karne hiyo huku bei ya nguo zilizoletwa kutoka ng'ambo ikishuka. Bei hiyo ndiyo iliyowasukuma wafanyabiashara kuingia bara zaidi na zaidi, hadi Tabora, hadi Ujiji, na kuvuka ziwa kuingia Kongo. Pembe zikarudi pwani mabegani mwa wapagazi, Wanyamwezi wengi miongoni mwao, mzigo wa mtu ukiwa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Zikapakiwa Bagamoyo, zikapimwa Unguja, na nyingi zikapelekwa Bombay kabla ya kufika London. Huko ziliuzwa kwa jina la pembe ya Bombay. Jina la nchi iliyozitoa lilikuwa limekwisha kupotea njiani, kabla hata fundi hajashika msumeno.

Ndiyo maana nasema picha ya karibu si jambo la anasa. Kibandiko cha makumbusho huandika jina la mchoraji, jina la bwana au bibi aliyechorwa, na neno moja tu la mwisho: pembe. Kamera ikiificha na hiyo pembe, limebaki neno bila ushahidi. Kamera ikiionyesha, mtazamaji atauliza mwenyewe ilitoka wapi.

Basi picha nzuri hupigwaje? Kwa maoni yangu kila kijipicha kinahitaji picha tatu, si moja.

Ya kwanza iwe ya kitu kizima, pamoja na fremu na rula pembeni. Nyuma pawe kijivu cha kadiri, kwa sababu weusi huipa pembe weupe usio wake na weupe huifanya ionekane chafu. Kamera ikae kwenye stendi ya miguu mitatu na itazamane sawasawa na kioo. Mwenye simu asiisogeze karibu sana, maana lenzi pana huuvimbisha uso. Arudi nyuma kidogo, akuze kwa lenzi ya mbali. Kioo kikirudisha mwanga, chukua kadi nyeusi, itoboe tundu, upitishe lenzi hapo. Kivuli cha kadi kitakimeza kivuli chako.

Ya pili iwe ya karibu kabisa, na mwanga wake utoke ubavuni, chini chini, kama jua la alasiri linavyopita juu ya mchanga. Hapo ndipo utaona vidoa vya brashi na, palipoachwa wazi, chembe za pembe yenyewe. Iliyopasuliwa kwa urefu huwa na mistari myembamba inayopinda kidogo kama nyuzi za mbao. Iliyokatwa kwa kuvuka huwa na mistari inayokatana kama wavu. Mistari iliyonyooka mno na kulingana mno ni dalili ya kitu cha kuiga. Kwa umbali huo sehemu iliyo kali ni nyembamba sana, kwa hiyo punguza tundu la lenzi na uache picha ichukue muda wake. Fleshi usiiguse. Rangi za maji hufifia, na makumbusho huzitunza kwenye mwanga hafifu, kiasi cha luksi 50. Wala usifungue kikasha ili upate picha safi zaidi, maana pembe hujikunja hewa inapobadilika unyevu.

Ya tatu, ambayo karibu kila mtu huisahau, iwe ya mgongo na ukingo. Huko ndiko kwenye nywele zilizosukwa, herufi za majina na mihuri ya metali. Hapa Birmingham jambo hili lina maana ya pekee. Ofisi ya kupima madini ya thamani ilianzishwa hapa mwaka 1773, na alama yake ni nanga. Ukiona nanga mgongoni mwa kidani, ujue dhahabu au fedha yake ilipimwa katika mji huu, na herufi iliyo karibu nayo itakwambia mwaka. Dhahabu ina cheti chake. Pembe haina muhuri wowote, na tofauti hiyo inastahili kuonekana katika picha.

Sheria nayo inataka picha. Sheria ya Pembe ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika hapa Uingereza tarehe 6 Juni 2022, imekataza kuuza na kununua vitu vya pembe ya ndovu isipokuwa vya aina chache. Mojawapo ni vijipicha vya nyuso vilivyotengenezwa kabla ya 1918, visivyozidi sentimita za mraba 320. Hata hivyo, mwenye kuuza lazima akisajili kwanza, na usajili huo hudai picha za kitu chenyewe. Kwa hiyo ukikutana na kijipicha dukani, uliza usajili wake kabla ya bei. Na kukipeleka nje ya nchi kuna vibali vyake vingine.

Wapo watakaosema pembe ni aibu na afadhali ifichwe. Nawaelewa. Kenya ilichoma tani 105 za pembe mwezi Aprili 2016 ili kuuonyesha ulimwengu kwamba thamani yake ni kwa ndovu aliye hai. Lakini moto ule uliwashwa hadharani, mbele ya kamera, ili kila mtu ajue nini kinachoungua. Picha inayoificha pembe nyuma ya uso mzuri haimwombolezi ndovu wala mpagazi. Inatusaidia kutowafikiria tu.

Inashangaza kwamba kamera ndiyo iliyoiua sanaa hii. Baada ya mwaka 1839, picha za Daguerre zilipotangazwa, watu waliotaka uso wa mpendwa wao mfukoni walianza kuwaendea wapiga picha, na wachoraji wa vijipicha wakakosa kazi. Leo kamera hiyo hiyo ndiyo njia yetu ya kuvijua. Mkitembelea makumbusho, iwe hapa mjini au Victoria and Albert kule London, yenye hazina kubwa ya vijipicha hivi, tazameni kwanza penye weupe wa shavu. Halafu waulizeni wahusika kama wana picha ya mgongo, na kama haipo, waombeni waipige.

Alamsiki.