Kona za Kariakoo: Ukoo wa Sykes Ulivyofuatiliwa

Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, una ofisi ya CCM ambayo wapita njia wengi wanaijua. Kabla ya Uhuru mtaa huo uliitwa New Street, na hapo ilipo ofisi hiyo palikuwa na makao ya chama cha African Association, yaliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na wanachama wenyewe kwa kujitolea. Humo ndimo TANU ilimozaliwa Julai 7, 1954. Hayo yameandikwa katika vitabu vya shule. Lililo gumu ni kujua waliokuwa wakiingia na kutoka mle ndani: walitoka nyumba ipi, walikuwa watoto wa nani, na nani alimjua nani kabla siasa haijawakutanisha. Kwa sehemu kubwa tunayajua hayo kupitia ukoo mmoja, wa Sykes, na namna ukoo huo ulivyofuatiliwa inafaa kuchambuliwa hatua kwa hatua, kwa kuwa ina ustadi mwingi na ina matobo yake.

Kazi ilianzia ndani ya familia. Kleist Sykes, aliyefariki mwaka 1949, aliacha maandishi kuhusu maisha yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na wanahistoria waliowahimiza wanafunzi kuandika habari za watu wa kwao badala ya magavana. Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Daisy Sykes, binti wa Abdulwahid na mjukuu wa Kleist. Aliyachukua maandishi ya babu yake, akawahoji waliokuwa hai, na makala yake ikachapishwa Nairobi mwaka 1973 katika kitabu cha Modern Tanzanians kilichohaririwa na John Iliffe, kwa jina la Daisy Sykes Buruku.

Humo ndimo tunamokuta mifupa ya ukoo. Sykes Mbuwane, Mzulu kutoka Msumbiji, alikuja na askari wa Hermann von Wissmann katika vita vya Wajerumani dhidi ya Abushiri mwaka 1889. Mwanawe Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894, akaachwa yatima, akalelewa na Effendi Plantan, Mzulu mwenzake baba yake katika jeshi hilo. Vita Kuu ya Kwanza vilimkuta katika jeshi la Wajerumani, chini ya Lettow-Vorbeck. Vilipokwisha, Waingereza walimwajiri katika reli, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa African Association na katibu wake wa mwanzo, Cecil Matola akiwa rais.

Msomaji makini atayapima maneno ya Kleist kwa umbali kati ya tukio na kalamu. Habari za baba yake kutoka Msumbiji alihadithiwa; yeye hakuwapo. Habari za African Association alizitenda kwa mkono wake. Zote ziko katika maandishi ya mtu mmoja, lakini uzito wake si mmoja. Kwa bahati, hizo za kusimuliwa zina shahidi wa pembeni: majina. Mtoto wa Kiislamu wa Pangani anayeitwa Kleist, na katika nyumba ya Plantan kijana anayeitwa Schneider, ni ushahidi tosha kwamba familia hizi zilikulia kwenye kambi ya Wajerumani. Hakuna mzee angeyatunga hayo baadaye ili kujipamba.

Hatua ya pili aliichukua Mohamed Said, mwana wa Dar es Salaam, katika kitabu chake kuhusu maisha ya Abdulwahid Sykes kilichotoka London mwaka 1998 kwa Kiingereza, kisha Nairobi mwaka 2002 kwa Kiswahili. Hapa ndipo mtaa unapoingia. Ukimsoma, utaona kwamba karibu kila mtu anayemtaja ana anwani, na anwani hiyo ni kona: nyumba ya fulani ilikuwa Mtaa huu unapokutana na ule. Si pambo la msimulizi. Kariakoo ilipimwa kwa mistari iliyonyooka, mitaa ikikatana kama ubao wa bao, na kwa wenyeji wake kona ndiyo njia ya kuelekezana hadi leo. Mzee akiulizwa “siasa ilikuwaje mwaka 1950” atajibu kwa maneno aliyoyasikia redioni. Akiulizwa nani alikaa kona ya Aggrey na Sikukuu, anaanza kutembea kichwani, nyumba kwa nyumba, na majina yanakuja yenyewe pamoja na undugu, ujirani na ugomvi.

Kona zina kazi nyingine: zinaruhusu kukagua. Wazee wawili wasiokutana wakitaja mwenye nyumba yuleyule katika kona ileile, mtafiti ana kitu cha kushika. Ila anayefuata njia hii lazima awe na orodha ya majina mawili mawili mkononi, kwa sababu mitaa ilibadilishwa. New Street ikawa Lumumba, Kichwele ikawa Uhuru, na Kipata ikapewa jina la Kleist Sykes mwenyewe. Mzee wa miaka tisini na kijana wa duka la simu huzungumzia mahali pamoja wasijue.

Sasa tobo la kwanza. Maandishi ya Kleist yalitoka kwenye familia ya Sykes, makala ya Daisy ilitoka humo, na sehemu kubwa ya picha na barua alizotumia Mohamed Said zilihifadhiwa humo pia. Mashahidi watatu waliokunywa kwenye kisima kimoja si watatu. Juu ya hilo, Mohamed Said haandiki kwa ubaridi. Analo dai, na hafichi: kwamba mchango wa Waislamu wa mjini ulifutwa, hasa katika historia ya TANU iliyotolewa na Chuo cha Kivukoni mwaka 1981. Kitabu chake ni historia na ni hoja ya mahakamani kwa wakati mmoja. Nionavyo, njia salama ni kuvitenganisha viwili hivyo. Nani alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, aliishi kona ipi: hapo kitabu kina nguvu, na makala ya Daisy iliyotangulia ubishi huo kwa miaka mingi inakiunga mkono. Nani alimfuta nani na kwa nia gani: hapo msomaji adai ushahidi zaidi ya kumbukumbu za familia.

Ushahidi kutoka nje upo. Gazeti la Kwetu, alilolianzisha Erica Fiah mwaka 1937, lilitoka Dar es Salaam hiyo hiyo. Fiah, muuza duka mwenye asili ya Uganda, alikuwa na chama chake kilichoshindana na African Association, na sifa hiyo ndiyo inayolifanya gazeti lake kuwa shahidi mzuri. Mpinzani akikubali kwamba jambo lilitokea, lilitokea.

Shahidi bora kuliko wote alijitokeza bila kutafutwa. Mmarekani Susan Geiger alipowahoji wanawake wa TANU katika miaka ya 1980, hakuwa akifuatilia ukoo wa Sykes hata kidogo. Alitaka kujua wanawake waliingiaje kwenye siasa, na jibu lilimpeleka kwenye vikundi vya ngoma, kwa kuwa ndiko walikojuana. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba, alimsimulia jinsi TANU ilivyomfikia mwaka 1955. Katika simulizi hiyo anatokea Schneider Plantan, yule yule wa nyumba iliyomlea Kleist. Mtafiti mwingine, swali jingine, msimulizi wa familia nyingine, na bado mtandao ni uleule. Kwa mchambuzi, mkutano wa aina hii una thamani zaidi kuliko mahojiano kumi na wajukuu.

Tobo la pili ni kubwa zaidi na halikuzibwa. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na korido katikati, vyumba sita kwa kawaida, na uani nyuma. Mwenye nyumba alikaa na jamaa zake katika chumba au viwili, vingine akapangisha. Maana yake wengi waliolala katika mtaa usiku wowote ule walikuwa wapangaji: makuli wa bandarini, wapishi wa Oyster Bay, waliofika jana kutoka Rufiji. Lakini kodi ya nyumba ilimdai mwenye nyumba, faili la kiwanja lilikuwa na jina la mwenye nyumba, na mzee anayetembea kichwani kona kwa kona anataja mwenye nyumba. Kila chombo cha kazi hii kinaelekea upande mmoja.

Aliyewakaribia wapangaji ni J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeuchunguza mji mwaka 1956 na 1957, wakati Dar es Salaam ilikuwa na watu 128,742. Ripoti yake, iliyochapishwa mwaka 1963, inaeleza vyumba, kodi, makabila, madeni, na hata wanawake waliomiliki nyumba. Ila yeye alitafuta hali za watu, hakutafuta ukoo. Kwa hiyo tunao wenye nyumba wenye majina na wapangaji wasio na majina, na daraja kati yao halijajengwa.

Linaweza kujengwa? Kwa kiasi fulani, ndiyo, na funguo zimo katika mbinu zilezile. Geiger alionyesha kwamba ngoma inafichua watu ambao faili la kiwanja haliwaoni. Vyama vya kuzikana, timu za mpira, madrasa na vikundi vya taarabu viliwachanganya mpangaji na mwenye nyumba katika daftari moja la michango. Madaftari hayo, yaliyosalia, huenda yapo makabatini mwa watu.

Nyumba zenyewe hazitasaidia tena. Nyingi zimebomolewa, na pale palipokuwa na vyumba sita na uani pana ghorofa la maduka; wajukuu wamehamia Mbagala, Tabata na Mbezi. Kwa hiyo aliye na albamu ya nyumba ya Kariakoo, Gerezani au Ilala na aandike nyuma ya kila picha, kwa penseli, majina ya waliomo, mwaka na kona, akitumia jina la mtaa la zamani na la sasa. Na akikaa na bibi au babu yake kumhoji, amuulize kwanza: vyumba vile vingine, vya mbele na vya nyuma, walikaa akina nani?