Mlima Si Uwanja wa Kuchezea

Ukisoma maandishi ya watu waliokwenda kuteleza kwa skii kwenye milima ya Alps, utaona haraka kwamba wengi wao wameandika kitu kimoja. Theluji ilikuwa safi, ama ilikuwa imegeuka uji. Foleni ya lifti ilikuwa ndefu. Njia nyekundu ziko hivi, nyeusi ziko vile. Jibini ya kuyeyushwa ilikuwa tamu lakini bei, bana, bei! Halafu jua linatua, vilele vinageuka rangi ya waridi, na mwandishi anarudi kazini Jumatatu.

Nimesoma mengi ya aina hii, ingawa theluji iliyo karibu nami ni ile ya kwenye friji. Nayasoma kwa sababu natoka nchi ambayo nayo huandikwa hivyo hivyo. Toa theluji uweke mchanga, toa Val Thorens uweke Diani, na sentensi zitabaki zilezile. Kwa hivyo swali langu ni la mtu mwenye kesi mahakamani: kwa nini watu wanaofika mahali pa ajabu kiasi hicho wanaandika maneno yasiyo na uhai? Na wale wachache wanaofaulu, wanafanya nini tofauti?

Tuanze na lawama isiyo ya mwandishi. Mlima wenyewe umeshaandikwa kabla hajafika. Nchini Ufaransa njia za kutelezea zimepangwa kwa rangi: kijani kwa wanaoanza, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi kwa wenye roho ngumu. Eneo la Les 3 Vallées peke yake lina njia za takriban kilomita 600 zilizounganishwa kwa lifti. Vituo kama Val Thorens na Les Arcs vilijengwa miaka ya 1960 na 1970, wakati serikali ya Ufaransa ilipoamua kwamba theluji ni mali na lazima iingize pesa. Si vijiji vya kale vilivyopata wageni. Ni mahali palipojengwa kwa ajili ya wageni. Ukifika hapo umeshapewa ramani, rangi na mahali pa kupigia picha. Kazi iliyobaki ni kuweka alama ya tiki. Ndiyo maana maandishi mengi yanasomeka kama risiti.

Lakini mazoea haya ni ya zamani kuliko lifti. Mwaka 1871 Mwingereza Leslie Stephen, babake Virginia Woolf, alitoa kitabu kuhusu kupanda milima hiyo na kukiita *The Playground of Europe*, yaani uwanja wa michezo wa Ulaya. Mapenzi ya Stephen kwa milima ni ya kweli kabisa, na anajua kuandika. Ila jina hilo! Mtu analisha ng'ombe hapo, anazika wazazi wake hapo, kisha mgeni anapaita uwanja wa kuchezea. Sisi wa huku tunaijua hiyo lugha. Tumeambiwa nyumbani kwetu ni mbuga.

Arthur Conan Doyle, yule wa Sherlock Holmes, alikuwa na akili ya kujicheka. Alikuwa Davos, Uswisi, kwa sababu mkewe Louise aliugua kifua kikuu, na hewa ya huko ilisifiwa kama dawa. Mwaka 1894 alivuka mlima kwa skii hadi Arosa akiongozwa na ndugu wawili wenyeji, akina Branger, kisha akaandika kisa hicho kwenye jarida la *The Strand*. Kinachopendeza ni kwamba mbao zile zinamfanyia vituko. Anaanguka, anateleza kwa makalio, suruali inaisha. Wenyeji ndio wanaojua njia, na yeye ndiye mwanafunzi. Alitabiri pia kwamba siku moja Waingereza wangemiminika Uswisi kwa mamia kufuata mchezo huo. Utabiri ulitimia, na pamoja nao ule unyenyekevu ukapotea. Ukiwa na lifti, humhitaji tena mwenyeji wa kukuonyesha njia. Unamhitaji wa kukuletea supu.

Hapa namleta Ernest Hemingway, najua wengine wenu mshamchoka. Vumilieni kidogo. Alikaa Schruns, Austria, majira mawili ya baridi kuanzia mwisho wa 1924. Wakati huo hapakuwa na lifti huko. Ulifunga ngozi za sili chini ya skii ili zisirudi nyuma, ukapanda kwa miguu saa kadhaa, ndipo ukapata mteremko wa dakika chache. Anapoukumbuka mlima huo katika *A Moveable Feast*, kitabu kilichotoka 1964 baada ya kifo chake, unahisi kwamba kila mteremko umelipiwa kwa mapaja. Sentensi zake zina uzito kwa sababu mlima ungeweza kumkatalia.

Hata hivyo, jasho peke yake halitoshi. Hadithi yake ninayoiona bora zaidi kuhusu skii haina skii nyingi. Katika "An Alpine Idyll" vijana wawili wanashuka mlimani majira ya kuchipua, wamechoka na theluji na jua kali. Wanaingia kwenye nyumba ya wageni, wanaagiza bia, wanasoma barua zao. Hapo wanasimuliwa habari za mkulima aliyetoka kumzika mkewe siku hiyo. Mke alifariki Desemba, lakini theluji ilifunga njia ya kwenda kanisani, kwa hivyo mume aliuhifadhi mwili kwenye banda la kuni. Uliganda ukawa mgumu, na kila alipokwenda usiku kupasua kuni alitundika taa kwenye mdomo wa marehemu.

Soma tena hapo. Theluji ileile ambayo vijana wameshiba nayo kama peremende, kwa mwenyeji ni kufuli. Hemingway hahubiri. Anawaacha wale vijana waulize chakula kiko wapi. Doa lake ni kwamba mkulima mwenyewe hapati nafasi ya kujieleza. Tunasikia habari zake kutoka kwa mwenye nyumba na mchimba kaburi, watu wanaomwona kama mnyama. Je, ile taa ilikuwa ukatili, au ilikuwa namna ya mtu mpweke kuendelea kuishi na mkewe? Mimi nadhani hadithi inajua hilo swali kuliko wasimulizi wake.

Doa hilo linakuja kuwa kubwa karibu nasi kabisa. Katika "The Snows of Kilimanjaro", ya 1936, Harry anakufa kwa jeraha lililooza hapa Afrika Mashariki, na theluji inayomsumbua kichwani ni ya Schruns: wiki ya dhoruba, karata, mteremko wa kasi. Huko Austria kila mtu ana jina na desturi. Hapa kambini kuna Molo, anayeitwa ili alete kinywaji na kuitikia Bwana. Mlima wetu umempa hadithi jina lake, lakini kumbukumbu nyingi nzito ziko Ulaya. Napenda hadithi hii na bado nasema: Molo aliona mambo mengi usiku ule, na hakuna aliyemuuliza.

Ukitaka kazi ya karibuni, tafuta filamu ya Ruben Östlund, *Force Majeure*, ya 2014. Familia ya Kiswidi iko kwenye kituo cha skii Ufaransa. Poromoko la theluji lililolipuliwa makusudi linakuja upande wao wakila mezani, na baba anashika simu yake na kutimua mbio, akiacha mke na watoto. Hakuna anayeumia. Kisha mke na mume wanaanza kubishana kuhusu kilichotokea, mahali pamoja, dakika moja, masimulizi mawili. Na wanapogombana kwenye korido, mfanyakazi wa usafi amesimama anawatazama, kimya. Kwangu mimi huyo ndiye mhakiki wa filamu nzima.

Nayasema haya sasa kwa sababu theluji yenyewe inakwisha. Barafu za milima ya Uswisi zilipoteza takriban asilimia 10 ya ujazo wake katika miaka miwili tu, 2022 na 2023. Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu yake tangu 1912. Mgeni ataandika kwamba msimu ulikuwa mbaya, kisha atatafuta mlima mwingine. Wa kule Schruns, na Mchagga anayelima chini ya Kibo, hawana mlima mwingine.

Tusijifanye watakatifu lakini. Hebu fungua simu yako usome ulichoandika ulipotoka Lamu Desemba iliyopita. Bahari safi, samaki mtamu, boti ghali. Aliyekuendeshea boti anaitwa nani?