Shiti 16 za Manila

Kadi ya mwaliko wa harusi hupita mikono mingi kabla ya kufika ukumbini. Mchangiaji huikunja na kuitia mfukoni, na mlangoni hukaguliwa kama ni ya singo au dabo. Karatasi ya barua, ile ya gramu 80, haihimili safari hiyo. Ndiyo maana steshenari za Ifakara huchapa kadi kwenye manila, na hapo printa ya leza hupata mtihani.

Maandishi hutoka meusi, yamekolea, kisha ukucha ukipita yanabanduka. Lawama huangukia tona. Mara nyingi tona haina kosa: ni unga wa plastiki wenye rangi, nao hushika karatasi baada tu ya kuyeyushwa na kugandamizwa na rola za fyuza, zenye joto linalokaribia nyuzi 200. Manila nene hulinyonya joto hilo kabla unga haujashika. Dawa iko kwenye kompyuta: mchapaji akichagua karatasi nzito, printa hupunguza mwendo, huongeza joto, au hufanya yote mawili.

Nzito kiasi gani? Manila mara nyingi huuzwa shiti moja moja, nje ya pakiti, bila lebo. Mizani ya jikoni inatosha kujibu. A0 ina mita moja ya mraba, na A4 ni sehemu yake ya 16. Kwa hiyo gramu za shiti 16 za A4 ndizo uzito wa karatasi kwa mita ya mraba. Mizani ikisoma 160, printa nyingi ndogo za ofisini zitaimudu, maana kikomo chao ni 163. Ikisoma 250, kazi hiyo ni ya mashine kubwa.

Droo ya chini nayo iachwe. Karatasi ikitoka huko hugeuzwa nusu duara, na manila haipendi kupindwa. Ipite trei ya mkono, mlango wa nyuma ukiwa wazi, inyooke moja kwa moja.

Adui mkubwa katika bonde la Ifakara ni unyevu. Masika, kati ya Machi na Mei, Mto Kilombero ukitapakaa mbugani, karatasi iliyoachwa wazi hufyonza maji ya hewani. Ndani ya fyuza maji hayo hugeuka mvuke: manila inajikunja, inavimba, inakwama. Pakiti ifunguliwe siku ya kazi tu, na shiti zinazobaki zifungwe kwenye mfuko wa plastiki, mbali na sakafu ya saruji. Kanuni hii inaokoa kadi nyingi kuliko kununua manila ya bei kubwa.

Karatasi ya kung'aa iliyotengenezwa kwa printa za wino wa maji isiingizwe kabisa. Utando wake huyeyuka na kuganda kwenye rola.

Kabla ya kuchapa kadi 200, chapa moja, iache ipoe, ikwaruze kwa ukucha. Ikibanduka, badili mpangilio kabla manila ya mteja haijaisha.