Boma la Bodo kwenye meza ya vita

Wachezaji wa vita vya mezani, wale wanaopanga majeshi ya kale kwa visanamu vya risasi au plastiki, huhangaika na askari na kusahau kambi. Askari hupakwa rangi hadi mkanda wa kiatu. Kambi huishia kuwa mahema mawili yaliyobandikwa juu ya kipande cha ubao. Ajabu, maana kanuni kama De Bellis Antiquitatis za Phil Barker humwadhibu jenerali aliyenyang'anywa kambi yake.

Kwa sisi wa Bunia, mfano mzuri wa kujifunzia hauko Roma. Uko magharibi yetu, ndani ya msitu wa Ituri, mahali palipoitwa Ibwiri. Hapo, Januari 1888, msafara wa mpelelezi Stanley, uliokuwa ukienda kumwokoa gavana Emin Pasha, ulijenga boma la Bodo. Jasho lilikuwa la Wangwana wa Unguja. Miongoni mwa maofisa alikuwemo luteni Stairs, mhandisi wa jeshi la Uingereza.

Lilijengwa kwa vitu gani? Stanley mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1890, anasimulia kwamba wenyeji walikichoma kijiji chao msafara ulipokaribia. Lakini kwanza walizing'oa mbao nzuri za nyumba wakazificha porini, na mahindi wakayahamishia kwenye vibanda vya muda katikati ya vichaka. Wageni wakavumbua vyote. Kwa hiyo boma lilisimama kwa miti iliyokatwa palepale pamoja na mbao za watu wengine.

Hili ndilo linaloamua ukuta wa mfano uweje. Askari wa Kirumi alitembea na vigingi vyake, ndiyo maana ukuta wake unaweza kupangwa sawasawa. Wa Bodo ukinyooka hivyo, umeharibu. Kwa visanamu vya milimita 15, ambapo sentimita moja ni kama mita moja, chukua vijiti vya mishikaki, vikate kwa urefu usiolingana, vingine vipasue katikati viwe mbao. Vichomeke kwenye ubao wa chini. Ukivigandisha kwa juujuu tu, kidole kimoja cha mchezaji kitaviangusha.

Ubao huo ndio wenye kazi. Handaki la kuzunguka ukuta halichimbwi kwenye karatasi moja, basi weka tabaka la sponji nyeupe ngumu, ile inayofungashia televisheni, juu ya kadibodi, kisha ukate mfereji. Tumia kole nyeupe ya mbao. Ile ya viatu yenye harufu kali huila sponji hiyo papo hapo. Kadibodi ikilowa upande mmoja hujikunja, kwa hiyo ipake kole pande zote mbili na uilaze chini ya vitabu vizito.

Rangi ya udongo nayo isikudanganye. Vumbi jekundu la barabara zetu, likichekechwa, linafaa kwa kifusi kilichotoka handakini na kwa njia ya langoni. Sakafu ya msitu ni nyeusi zaidi, imejaa majani yaliyooza; makapi ya chai yaliyokaushwa yanaiga hiyo bila gharama. Acha visiki. Eneo lililofyekwa juzi haliwi uwanja wa mpira.

Paa ni majani mapana, yanayopangwa kuanzia chini kwenda juu ili maji yateleze. Karatasi iliyokatwa vipande vyenye umbo la jani, ikapakwa kijani kibichi na kahawia kwa kuchanganya, inatosha. Nyumba mbili au tatu tu, tafadhali. Vikosi vingi vya kipimo hiki husimama juu ya vibao vya upana wa sentimita 4, na ndani ya boma lazima pabaki nafasi ya kimoja kusimama, na lango la kukipitisha. Wengi hujaza vibanda, mashina ya migomba na mapipa, kisha walinzi wanakosa pa kukaa.

Jambo la mwisho si la kiufundi. Nje ya ukuta, pembeni kabisa ya ubao, ningetengeneza kichaka kizito chenye kibanda kidogo cha mahindi ndani yake, kisichoonekana mpaka uiname. Habari za Bodo tumeachiwa na waliokuwa ndani ya boma. Wenye Ibwiri walikuwa huko kichakani. Ukijenga kambi hii, usikiache kibanda hicho, na ukipita Mambasa kwanza angalia Wambuti, watu wa msitu huo, wanavyoezeka kwa majani kabla hujashika mkasi.