Ufundi wa Kupanga Vipimo

Geuza paneli ya sola utazame nyuma yake. Utakuta lebo yenye wati, volti na ampea, na chini yake, kwa herufi ndogo, masharti ya kipimo: mwanga wa wati 1000 kwa kila mita ya mraba, na halijoto ya seli nyuzi 25. Wanunuzi wengi husoma wati wakaishia hapo. Mtu wa maabara husoma masharti kwanza. Anajua kwamba volteji ya seli ya silikoni hushuka takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto inayopanda, na kwamba paneli iliyofungwa juu ya bati la Garissa au Tabora haikai nyuzi 25 saa saba mchana.

Ili kujua seli itafanyaje kazi kwenye joto hilo, sharti ipimwe katika halijoto tofauti, kwa viwango tofauti vya mwanga, na kila mara volteji ipandishwe kidogo kidogo huku mkondo ukisomwa. Kufanya hivyo kwa mkono kunachosha, na aliyechoka huandika saba mahali pa moja. Kazi hiyo hukabidhiwa kompyuta. Lakini kompyuta haijui lolote kuhusu seli wala joto. Yupo mtu aliyekaa akaipangia kipi kianze, kipi kifuate, wapi isubiri na wapi isimame. Ufundi wake hauonekani kwenye grafu inayochapishwa, ila bila yeye grafu hiyo haina thamani.

Meza yake ina vifaa vichache. Kipo kinachotoa volteji na papo hapo kupima mkondo. Keithley 2400 ni mfano unaojulikana katika maabara nyingi. Ipo taa inayoiga jua. Kipo kibao cha kupasha na kupoza, na juu yake kihisi cha platini kiitwacho Pt100, ambacho ukinzani wake ni omu 100 kwenye nyuzi 0 na karibu omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Vifaa hivi huongea na kompyuta kwa desturi ya zamani kidogo. Kampuni ya Hewlett-Packard ilibuni njia ya kuviunganisha mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1975 njia hiyo ikawa kiwango rasmi, IEEE 488, kinachoruhusu hadi vifaa 15 kwenye mfumo mmoja wa nyaya, kila kimoja na anwani yake. Amri zenyewe zilitofautiana kutoka kampuni hadi kampuni, mpaka mwaka 1990 ulipotolewa utaratibu wa pamoja uitwao SCPI. Hadi leo mazungumzo huanza kwa swali fupi, *IDN?, na kifaa hujibu kwa kutaja kampuni iliyokiunda, modeli, namba yake na toleo la programu iliyomo ndani. Mpangaji hodari hulinganisha jibu hilo na kifaa alichokitarajia. Lisipolingana, mfuatano wa amri alioupanga unakataa kuendelea.

Baada ya salamu huja vitanzi, yaani hatua zinazorudiwa moja ndani ya nyingine, na hapa ndipo akili ya mpangaji inapoonekana. Tuseme anataka halijoto 6, kuanzia nyuzi 15 hadi 65. Viwango 4 vya mwanga. Na volteji kuanzia hasi 0.1 hadi 0.7, ikipanda kwa hatua za 0.01, kwenda na kurudi. Hizo ni nukta 81 kila upande, na jumla yake nukta 3,888. Kibao cha joto kinaweza kuhitaji dakika 10 ili kutulia. Akikosea akaiweka halijoto kwenye kitanzi cha ndani kabisa, kila nukta itadai halijoto mpya, na kusubiri peke yake kutakula saa 648, yaani siku 27. Akiiweka kitanzi cha nje, halijoto inabadilika mara 6 tu, na kusubiri kote kunakwisha kwa saa moja. Ni busara ya mpishi anayebandika maharage kabla hajagusa kachumbari: kinachokawia kitangulie, chepesi kifanyike ndani ya muda wake.

Kusubiri nako kuna daraja zake. Mwanafunzi huiambia programu ilale dakika 10, kisha ipime. Hilo linafaa siku ambayo kila kitu ni shwari. Aliyeiva kazini huandika sharti: endelea pale ambapo kihisi kimebaki ndani ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi kwa dakika 2 mfululizo. Halafu anaongeza sharti la pili, la mtu anayejua kwamba mambo huharibika: ikipita nusu saa bila kutulia, andika hivyo kwenye faili na usipime. Kisha anajiuliza kihisi kimekaa wapi. Kikiwa kwenye kibao, kitatulia mapema kuliko seli iliyo juu yake, na faili litajaa halijoto sahihi za kitu kisichopimwa.

Hata kusoma mkondo mara moja kunahitaji muda uliochaguliwa. Nyaya za umeme ukutani hutikisa kipimo kwa mdundo wao, ambao Afrika Mashariki ni mara 50 kwa sekunde. Dawa ni kuusoma mkondo kwa muda wa mdundo mmoja kamili, milisekunde 20, ili kupanda na kushuka kwa mtikisiko kufutane. Marekani mdundo ni mara 60 kwa sekunde, na muda wake ni kama milisekunde 16.7. Kifaa kilichobaki na mpangilio wa huko kikiletwa Nairobi, mtikisiko haufutiki wote, na mtu anaweza kuilaumu seli bure. Mpangaji makini huandika muda huo kwenye mfuatano wake waziwazi, wala hauachii kiwanda.

Vipo vitu ambavyo utaratibu wa kupima huvibadilisha vyenyewe. Seli za sola za aina nyingine, za perovskaiti, ndizo zilizolifundisha somo hili kwa ukali. Mnamo mwaka 2014 watafiti walieleza katika majarida kwamba seli ileile, chini ya mwanga uleule, inaweza kutoa mchoro mmoja volteji ikipandishwa na mwingine ikishushwa. Kasi ya kupandisha nayo ilibadilisha jibu. Ndani ya seli hizo zimo ioni zinazosogea polepole, na kila volteji inaacha athari yake kwa inayofuata. Aliyepima upande mmoja tu, ule uliompendeza, aliweza kutangaza ufanisi ambao seli haiwezi kuudumisha. Kwa hiyo kwenda na kurudi katika mfuatano wetu si mapambo. Kwa sababu hiyo hiyo mpangaji hurudia nyuzi 25 mwishoni, baada ya kumaliza 65: mchoro huo wa mwisho usipolingana na ule wa awali wa nyuzi 25, basi joto, taa au seli yenyewe imebadilika njiani.

Kazi nyingine ni ya ulinzi, nayo haina sifa kabisa. Mkondo huwekewa kikomo kabla volteji haijawashwa, ili seli iliyofungwa kinyume isiungue. Waya huwa 4 kwa kila seli, 2 za kupitisha mkondo na 2 za kusoma volteji, ili ukinzani wa nyaya usiingie kwenye hesabu. Kila nukta huandikwa kwenye faili mara tu inaposomwa, pamoja na saa yake, maana umeme ukikatika saa nane usiku, kilichobaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta kimepotea. Na mwishoni kuna sehemu inayotekelezwa hata programu ikianguka katikati: zima volteji, zima kipasha joto, zima taa. Mpangaji huijaribu sehemu hiyo kwa kuikatiza kazi makusudi. Kabla ya hayo yote, mahali pa seli huwekwa rezista ya omu 1000. Volti 1 ikitoa miliampea 1, na mstari ukanyooka, njia ni salama.

Zana za kupangia ni nyingi. LabVIEW, iliyotolewa na National Instruments mwaka 1986, humwezesha mtu kuchora mfuatano kwa visanduku na nyaya. Python humtaka auandike kwa mistari. Nimeona kazi nzuri kwa njia zote mbili, na mbovu vilevile. Mfuatano mzuri unasomeka: mgeni akiufungua ataona kipi kiko nje ya kipi, kinasubiriwa nini, na nini kitatokea mambo yakienda kombo.

Maabara mbili zinaweza kuwa na kifaa kimoja na seli moja, zikatoa majibu mawili, tofauti ikiwa ni utaratibu tu. Ndiyo maana mfuatano ni sehemu ya jibu, na unastahili kuhifadhiwa kando ya data, na jina la aliyeuandika likatajwa. Nawaomba walimu wa fizikia na uhandisi waupe alama kama wanavyoipa grafu. Anayeleta namba alete na utaratibu alioufuata kuipata. Asipouleta, hajamaliza kazi yake.